Ukiyo-e: ile picha ya wimbi kwenye mfuko wa turubai

Ukiyo-e ni chapa za Kijapani zilizopigwa kwa vibao vya mbao, hasa katika enzi ya Edo (1603–1868). Jina lina maana ya "picha za ulimwengu unaoelea", yaani starehe za mjini: waigizaji wa kabuki (tamthilia ya jadi ya Kijapani), wanamieleka wa sumo, warembo, na baadaye mandhari. Ziliuzwa kwa watu wa kawaida, nakala nyingi kwa bei nafuu, kwa hiyo kuzitia kwenye mfuko wa sokoni si kuzivunjia heshima.

Inayopendwa zaidi ni wimbi la Kanagawa la msanii Katsushika Hokusai, la mwaka 1831 hivi. Husemwa amelichora yeye, na ni kweli, ila mkono wake uliishia kwenye karatasi. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya kibao cha mcheri, akachimba na kuacha mistari tu imesimama. Mchoro wa asili ukaishia hapo hapo. Rangi nazo zikachongewa vibao vyake. Mpiga chapa alipaka rangi ya maji kwa brashi, akalaza karatasi kwa kuifuatisha na kento, alama mbili zilizochongwa kwenye kibao, moja konani na nyingine ukingoni, kisha akasugua mgongo wake kwa baren, kisahani kilichovikwa ganda la mwanzi. Karatasi ikisogea milimita moja tu, buluu inamwagika nje ya mstari.

Kuprinti mfuko kwa skrini, yaani wavu mwembamba unaopitisha wino penye picha tu, hufuata kanuni ile ile: kila rangi na skrini yake, na ugonjwa ni ule ule wa rangi kutokaa mahali pake. Kinachoteseka zaidi ni bokashi, ule weusi unaofifia taratibu nyuma ya mlima Fuji. Kwenye kibao mpiga chapa aliupata kwa kupunguza rangi kwa brashi mbichi. Skrini haijui nusu ya wino, hivyo huuvunja kuwa vidoa. Turubai ikiwa na nyuzi nene, vidoa huzama katikati ya nyuzi na anga huonekana chafu.

Tazama pia ukataji. Chapa ni kama sentimita 25 kwa 37, imelala, mfuko umesimama. Wengine hukata mashua, na zinapaswa kuwa tatu. Saini iko juu kushoto. Ukiiona kulia, picha imegeuzwa.

Turubai ambayo haikufuliwa kiwandani husinyaa, wino hausinyai, ndipo picha inapojikunja. Fua mfuko kwa maji baridi ukiwa umeugeuza ndani nje, anika kivulini, piga pasi upande wa ndani. Wino wa plastiki unataka kuiva kwa joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi. Kabla ya kununua, vuta kitambaa kidogo penye picha: wino ukipasuka hapo dukani, haukuiva.