Je, Wajua Kwa Nini Panya wa Maabara Huwekewa Kipande cha Bomba?

Panya wa maabara si yule anayetukimbilia darini usiku huko Umoja, Nairobi. Huyo mara nyingi ni panya mweusi, hodari wa kupanda. Wa maabara, hata akiwa mweupe pe, ametokana na panya wa kahawia, mchimba mashimo anayeishi kwa makundi. Sasa mtie kwenye kizimba cha plastiki chenye maranda, maji na chakula tu, chini ya taa kali. Akiwa mweupe, macho yake mekundu hayana rangi ya kukinga mwanga, na shimo la kujificha hana.

Hapo ndipo kipande cha bomba la PVC, la hadiwea yoyote ya River Road, kinapofanya kazi kubwa kuliko sura yake.

Watazame wachanga wakicheza. Mmoja humrukia mwenzake akilenga kisogo, huyu hujipindua chali, halafu zamu hubadilika. Wakifurahi hutoa milio ya kilohezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 50 hivi, ilhali sikio letu hukomea 20. Wakubwa wakiogopa hutoa ya 22. Ugomvi wa kweli hujulikana kwa meno kwenda kiunoni. Katika kizimba kitupu, aliyeshindwa hana pa kukimbilia. Bomba lenye midomo miwili humwezesha kuingia huku na kutokea kule, mambo yakaisha. Lenye mdomo mmoja ni balaa: mbabe huketi mlangoni.

Vikorokoro peke yake havitoshi, lakini. Panya aliyetengwa tangu kuachishwa ziwa hukua na wasiwasi, na akikutanishwa na wenzake hasomi vizuri ishara zao. Mpe mwenzake kwanza, bomba lifuate.

Mwaka 2004 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwafunza panya kwamba mlio mmoja huleta chakula na mwingine kelele mbaya, kisha wakapiga mlio wa katikati. Waliokuwa wakivurugiwa makao ovyo walisitasita, kama wanaotarajia shari. Utafiti wa 2008 ndio ulionigusa zaidi: panya walionyang'anywa vitu walivyovizoea walitarajia mabaya kuliko walioachiwa.

Mhudumu mzoefu huangalia pembe za macho. Panya mwenye msongo au maradhi hutoa majimaji mekundu, yenye rangi iitwayo porfirini, unayoweza kudhani ni damu iliyokauka. Yakianza baada ya siku ya kuosha vizimba, mwite daktari wa mifugo, na ukimngoja, hesabu mabomba.