Baga mbichi za mbegu na mboga: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nikisema baga hapa simaanishi mkate. Namaanisha kile kipande bapa cha katikati. Baga mbichi ya mimea hutengenezwa kwa mbegu au kokwa zilizolowekwa, mboga zilizokunwa, viungo na kitu cha kushikanisha. Baada ya hapo hukaushwa polepole kwa joto dogo, kwa kawaida lisilozidi nyuzi 42 hadi 48 za Selsiasi, au huwekwa tu kwenye friji ikazane. Haina nyama, yai wala jibini, na haipiti motoni.

Ninazipenda baga hizi kwa dhati, na ndiyo maana huumia ninapoona watu wakielekezwa vibaya. Moto una kazi nyingi jikoni: huua vijidudu, huvunja sumu za baadhi ya mbegu, hufukuza maji, hushikanisha na huleta ladha. Ukiuondoa moto, kazi hizo bado zipo zinakungoja. Ama utatafuta njia nyingine ya kuzifanya, ama zitabaki bila kufanywa. Dhana nyingi potofu kuhusu baga mbichi zimezaliwa na kulisahau jambo hilo.

"Maharage yoyote yanafaa, mradi yalale ndani ya maji usiku kucha"

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoweza kumfikisha mtu hospitali. Aliyezoea baga za maharage ya kuchemsha huona ni jambo dogo kuruka hatua ya kuchemsha: loweka, saga, kausha, basi. Sivyo kabisa. Maharage mekundu mabichi yana lektini, yaani aina ya protini ya mimea, iitwayo fitohemaglutinini, nayo ni sumu. Punje nne au tano tu zinatosha kumletea mtu kichefuchefu kikali, kutapika na kuharisha, mara nyingi ndani ya saa moja hadi tatu. Kuloweka peke yake hakuiondoi sumu hii. Inavunjwa na maji yanayochemka kwelikweli. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inashauri maharage yalowekwe angalau saa 5, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe kwa maji mapya dakika 30.

Joto dogo nalo si nusu ya kinga, kama wengi wanavyodhani. Maharage yaliyopashwa hadi nyuzi 80 hivi bila kufika kuchemka yanaweza kuwa na sumu kali kuliko yalivyokuwa mabichi, hata mara tano. Sasa fikiria mashine ya kukaushia iliyotegwa nyuzi 45. Itakauka baga, sumu itabaki palepale.

Wengine hujibu kwamba watayachipuza kwanza. Choroko na dengu zina lektini kidogo na watu wengi huzila zikiwa zimechipua, ni kweli. Lakini machipukizi hukua kwenye unyevu na uvuguvugu, mazingira yaleyale wanayoyapenda bakteria. Mwaka 2011 nchini Ujerumani mlipuko wa bakteria wa E. koli uliohusishwa na machipukizi ya uwatu uliua watu zaidi ya 50 na kuwaacha wagonjwa karibu 4,000. Ushauri wangu ni mfupi: jamii ya maharage iache nje ya baga mbichi. Alizeti, mbegu za maboga, walnati na lozi tamu zinatosha kabisa. (Lozi chungu ni habari nyingine. Hizo hutoa sumu ya sianidi, usizile mbichi.) Na ukitamani baga ya maharage, yachemshe vizuri ufurahie baga iliyopikwa. Hakuna ubaya wowote.

"Hakuna nyama, kwa hiyo hakuna vijidudu"

Salmonela, bakteria wa kuharisha, haijali kama chakula kilikuwa na miguu au mizizi. Mwaka 2001 na tena 2004 lozi mbichi za California zilisababisha milipuko ya ugonjwa huo, na tangu 2007 lozi zinazolimwa kule na kuuzwa Amerika Kaskazini hulazimika kutibiwa kwanza, kwa mvuke au kwa njia nyingine, ili kupunguza vijidudu.

Mbegu kavu inaweza kubeba bakteria waliolala tu kwa miezi mingi. Ukiimwagia maji, unawaamsha. Kwa hiyo loweka ndani ya friji, usiache bakuli mezani usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale na suuza mbegu vizuri.

Kisha kuna suala la mashine yenyewe. Bakteria wengi wa magonjwa huongezeka kati ya nyuzi 5 na 60, na mbio zao huwa kali zaidi karibu na joto la mwili, yaani 37. Nyuzi 42 ziko ndani ya eneo hilo. Mashine ya kukaushia haiui kitu kwa joto hilo. Inachofanya ni kushindana nao: iondoe maji kabla hawajapata nafasi ya kuzaana. Ukilielewa hilo, maelekezo yote mengine yanakuwa na maana. Baga iwe nyembamba, sentimita moja hivi, kwa sababu donge nene hubaki bichi na vuguvugu katikati kwa saa nyingi. Igeuze. Tia limau na chumvi ya kutosha, kwa sababu ukali na chumvi huwapunguzia kasi. Usizibananishe trei hadi hewa ikose njia.

Wakaushaji wengi huanza na hewa ya moto zaidi, nyuzi 60 hivi kwa saa ya kwanza, halafu hushusha. Hilo huwashtua wanaoihesabu kila nyuzi, ila fizikia iko upande wao: maji yanapovukiza hukipoza chakula, kama jasho linavyoipoza ngozi. Chakula kikiwa bado kimelowa, joto lake huwa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Namba iliyoandikwa kwenye mashine ni ya hewa, si ya baga.

Pamoja na hayo yote, mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee, na yeyote ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu namshauri ale baga iliyopikwa. Hii mbichi si kwa ajili yake.

Baga ambazo bado zina unyevu zikae kwenye friji siku tatu, zisizidi. Ukizigandisha zitadumu zaidi, lakini kumbuka barafu huwasimamisha bakteria tu, haiwaui wote.

"Ikipita nyuzi 42, chakula kimekufa"

Hakuna mstari wa namna hiyo. Watu wa vyakula vibichi wenyewe hawakubaliani: wapo wanaotaja nyuzi 40, wapo wa 46, wapo wa 48. Wanachosema hufa ni vimeng'enya, protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, na vya mimea ni vya aina nyingi. Baadhi huharibika mapema na baadhi huvumilia joto kali kuliko hayo.

Zaidi ya hapo, dai lenyewe kwamba tunahitaji vimeng'enya hivyo ili kusaga chakula halina msingi. Mwili hujitengenezea vyake, na vya kwenye karoti, vikiwa ni protini, vingi huvunjwa na asidi ya tumbo kama protini nyingine yoyote. Kuna kimoja ninachokithamini sana, lakini hicho hufanya kazi kabla chakula hakijafika tumboni. Ukiponda kitunguu saumu kibichi, kimeng'enya cha aliinase hutengeneza alisini, ule ukali na ile harufu yake. Kiponde, kiache dakika chache, ndipo ukichanganye.

Na je, kibichi kina virutubisho zaidi? Inategemea kirutubisho. Vitamini C hupungua kwa joto na kwa maji ya kuchemshia, kwa hiyo hapo baga mbichi ina faida. Lakini beta-karotini ya karoti na likopeni ya nyanya mwili huzipata kwa urahisi zaidi zikipikwa, kwa kuwa joto hulegeza kuta za seli. Unaweza kufidia kwa kukuna karoti laini sana na kuila pamoja na mafuta ya mbegu, jambo ambalo baga hii tayari inalifanya.

"Kila kilichoandikwa 'kibichi' ni kibichi"

Korosho ndiyo mfano mzuri. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi, kwa hiyo korosho karibu zote hupitishwa kwenye mvuke au moto ndipo zibanguliwe. Ile nyeupe unayoiita mbichi, ilichokosa ni kukaangwa tu. Oti zilizosagwa bapa zimepigwa mvuke kiwandani. Sosi ya soya hutokana na soya zilizopikwa, na mara nyingi hupashwa moto kabla ya kutiwa chupani. Hamira lishe, ile inayonyunyizwa kuleta ladha ya jibini, imeuliwa kwa joto. Mimi huvitumia baadhi bila wasiwasi. Ila kama ubichi ndio msimamo wako, ni haki yako kujua.

"Inabomoka kwa sababu haina yai"

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na kosa si yai. Kosa ni maji. Karoti, vitunguu na bitiruti zimejaa maji, na mbegu zilizolowekwa huongeza mengine. Ukivichanganya vyote hivyo unapata uji, na hakuna gundi itakayosimamisha uji.

Mimi hufanya hivi kwa baga sita. Gramu 150 za alizeti na gramu 100 za walnati nazipima zikiwa kavu, nazilowesha kwenye friji saa sita hivi, nazisuuza, halafu nazitandaza juu ya kitambaa safi na kuzipangusa hadi zisiwe na maji ya juu. Walnati zikilowekwa hupunguza uchungu wa ngozi yake, na hiyo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuziloweka, kuliko hayo yanayosemwa kwamba maji "huondoa sumu zote". Karoti mbili na nusu kitunguu nazikuna, nazinyunyizia chumvi, nasubiri dakika kumi, kisha nazikamua kwa kitambaa kwa nguvu zote. Maji yanayotoka hushangaza kila mara.

Mbegu nazisaga kwa kugusa na kuachia swichi. Usiiache mashine izunguke mfululizo, utapata siagi, na siagi haina kitu cha kutafuna. Unataka chembe zinazofanana na mchele uliovunjika. Ndipo huingia nyanya zilizokaushwa na kukatwakatwa, kitunguu saumu, bizari nyembamba, majani ya giligilani na maji ya limau.

Kishikizo ni vijiko vitatu vya mbegu za kitani zilizosagwa. Zikikutana na unyevu hutoa ute, na ute huo ndio unaokamata vyote. Lazima zisagwe. Zikibaki nzima hutoa ute kidogo, na tumboni nyingi hupita kama zilivyoingia. Zisage siku hiyohiyo, kwa sababu mafuta yake huchacha upesi. Mchanganyiko upumzike nusu saa kwenye friji kabla ya kuufinyanga. Watu wengi hawana subira na nusu hii ya saa, kisha hulaumu mapishi.

Kukausha huchukua saa sita hadi kumi, kutegemea unene na unyevu wa hewa. Iko tayari inapokuwa na ngozi kavu nje na ulaini ndani, na haiachi unyevu kidoleni.

"Bila mashine ya kukaushia huwezi"

Unaweza. Oveni iliyowekwa joto la chini kabisa na mlango kuachwa wazi kidogo hufaa, ila weka kipimajoto ndani, kwani nyingi haziwezi kushuka chini ya nyuzi 50. Jua linahitaji hewa kavu, na siku ya unyevunyevu baga zitachacha kabla ya kukauka. Au ziweke kwenye friji saa tatu, uzile siku hiyohiyo zikiwa baridi. Zinakuwa laini zaidi, lakini zinashika.

"Ni chakula chepesi cha kupunguza mwili"

Piga hesabu. Gramu 100 za alizeti zina kilokalori 580 hivi, na za walnati karibu 650. Kwa vipimo vyangu, kila baga inabeba kilokalori 250 kutoka kwenye mbegu pekee, pamoja na protini gramu 7 hadi 8. Ni chakula cha kushibisha, nami nakiheshimu kwa hilo. Protini yake ina kidogo tu cha lisini, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo asiyekula vitu vya wanyama aipate kwenye maharage au dengu zilizopikwa katika mlo mwingine. Vitamini B12 haimo kabisa. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 hivi kwa siku, na spirulina, ule mwani unaouzwa kama unga wa lishe, haiwezi kuziba pengo hilo, kwani sehemu kubwa ya ilichonacho ni mfano wa B12 ambao mwili hauwezi kuutumia.

"Ukiweka viungo vya kutosha itakuwa kama nyama"

Haitakuwa. Ladha ya nyama ya kuchoma hutokana na protini na sukari kugeuka rangi na harufu kwenye joto la nyuzi 140 na kuendelea, na hapa joto hilo halipo. Unachoweza kupata ni utamu mzito wa nyanya kavu na uyoga, unaozidi kadiri maji yanavyotoka. Uyoga uwe ule wa kawaida wa dukani na uwe kidogo, usiokotwe porini. Shitake hasa zipike, kwa sababu zikiwa mbichi huwaletea baadhi ya watu vipele vyenye mistari kama waliochapwa fimbo.

Na ukiandaa mezani, mchuzi na vipande vya nyanya viweke dakika ya mwisho. Baga hii imekauka kwa saa nane, na inalainika ndani ya dakika kumi. Mkate nao umepikwa, kwa hiyo anayetaka ubichi wote aikunje ndani ya jani pana la letusi, lililooshwa vizuri na kukaushwa kwa kitambaa.