Dakika kumi za mwanzo, farasi atembee tu

Asubuhi moja ya Julai, Nairobi imefunga kwa baridi na manyunyu hayajakatika tangu alfajiri, saisi, yaani mtunza farasi, wa banda moja huku Karen alinipigia simu. "Mama, njoo upesi. Huyu jike amegoma kusogea." Nilimkuta katikati ya uwanja, jasho linamtiririka, mapaja magumu kama mbao. Mpandaji wake alikuwa na haraka ya kwenda kazini. Alimtoa bandani, akamzungusha mara mbili, akamtia shoti. Na farasi mwenyewe alikuwa amefungiwa ndani siku mbili akila nafaka ileile ya siku za kazi. Hatukumlazimisha hata hatua moja. Tulimfunika blanketi, tukamngojea daktari wa mifugo. Alipokojoa, mkojo ulikuwa na rangi ya kahawa, maana misuli ilikuwa imeumia hadi rangi yake ikachujwa na figo. Alipona, lakini ilichukua wiki nyingi.

Kazi yangu ni tiba ya viungo vya farasi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nimnyooshe vipi kabla ya kumpanda? Jibu langu huwashangaza watu. Kabla ya kupanda, usimnyooshe. Mtembeze.

Farasi aliyetulia bandani moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zake zote hupita 200. Safari hiyo haiwezi kurukwa kwa hatua moja. Anapoanza kutembea, wengu wake, ambao ni ghala la chembe nyekundu za damu, huanza kujikaza na kuzimwaga mwilini, na damu inapata uwezo wa kubeba oksijeni nyingi zaidi. Ndani ya viungo nako kuna kazi inayoendelea. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu; hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo husambaa kwa mwendo. Farasi aliyesimama usiku kucha katika chumba cha hatua nne kwa nne anahitaji muda wa kuulainisha.

Halafu kuna miguu. Papasa mguu wa mbele kutoka goti kwenda chini: hutagusa msuli wa maana, ni mfupa, kano na ngozi. Kano hizo ndizo zinazobeba mshindo wa kila hatua, hujivuta na kurudi kama mpira, na farasi akikimbia sana katikati ya kano joto hufika nyuzi 45. Kano iliyo baridi ukiivuta kwa mikono yako hujaiandaa kwa lolote. Ndiyo maana nawakataza masaisi kumvuta farasi mguu wa mbele kwa nguvu baada ya kufunga mkanda wa tandiko. Kuuinua mguu taratibu ili ngozi isibanwe chini ya mkanda ni sawa, na inatosha.

Kwa hiyo dakika kumi za kutembea, hatamu zikiwa zimelegezwa, shingo iende chini itakako. Asubuhi za Julai, au kwa farasi mzee, nafanya kumi na tano hadi ishirini. Tembea mistari mirefu kwanza, kisha miduara mikubwa, pande zote mbili, kwa sababu karibu kila farasi ana upande anaoupenda na usipoangalia atakuzungusha huohuo siku nzima. Baadaye matiti, au troti kama wasemavyo mabandani, dakika tano au zaidi, ukiinuka na kuketi kwa kupokezana. Hapo sikiliza. Farasi anayefunguka hupuliza pua kwa pumzi ndefu, mgongo huinuka chini ya tandiko, mkia unaacha kubanwa na kuanza kuyumba. Asipofika hapo, sipandishi mwendo, hata kama saa imekwisha. Akiwa bado mgumu baada ya yote hayo, nashuka na kumkagua tandiko, mgongo na kwato.

Kunyoosha kuna mahali pake, na mahali pake ni mwili ukishapata joto. Zoezi ninalolipenda ni la karoti. Unamwonyesha kipande cha karoti, naye anaifuata kwa hiari yake: kidevu kwenda kifuani, kisha katikati ya magoti, kisha chini hadi karibu na kwato za mbele, halafu kando, kwenye mbavu, kwenye nyonga, hadi chini kwenye kifundo cha mguu wa nyuma. Anakaa hapo sekunde chache, ndipo anapewa. Usimwachie anyakue kwa kuruka, maana anachopata hapo ni karoti tu, na wewe unaweza kupoteza ngozi ya kidole. Akipenda kuzungusha makalio badala ya kukunja shingo, msimamishe ubavu wake ukielekea ukutani.

Zoezi hili lina ushahidi. Mwaka 2011 Narelle Stubbs, Hilary Clayton na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walitangaza matokeo ya farasi 8 waliofanya mikunjo ya aina hii, kila mkunjo mara 5, siku 5 kwa wiki, kwa miezi 3. Misuli midogo iliyolala kando ya uti wa mgongo, ile inayoshikilia pingili zisiyumbe, ilinenepa. Nilipowaeleza masaisi habari hii, mmoja alisema kumbe karoti zile si za kumdekeza tu. Sasa yeye ndiye anayenikumbusha nikiisahau.

Miguu nainyoosha baada ya kazi. Wa mbele: mkono mmoja nyuma ya goti, mwingine nyuma ya kifundo kilicho juu ya kwato, uinue kwenda mbele, chini chini, kisha ngoja. Kungoja ndiko kunakofanya kazi. Baada ya sekunde kadhaa utahisi bega linalegea na mguu unakuwa mzito mkononi. Hapo farasi amejinyoosha mwenyewe. Wa nyuma uupeleke mbele, kwato ielekee ile ya mbele ya upande huohuo. Akivuta mguu, mwache auchukue, usishindane naye. Na uushushe hadi ardhini kwa mkono, usiuachie ukaanguka.

Lakini kabla ya hayo, apoe. Dakika kumi nyingine za kutembea, mkanda umelegezwa tundu moja. Pima mapigo nyuma ya kiwiko cha kushoto, sekunde 15 mara 4. Kwenye mashindano ya mbio ndefu kipimo cha kumruhusu farasi kuendelea kimekuwa mapigo 64 kwa miaka mingi, nami napenda kuona farasi wa mazoezi ya kawaida akiwa chini ya hapo ndani ya robo saa.

Wazee wengi wa mabandani bado wanaamini maji baridi humkakamaza farasi mwenye joto. Nawaheshimu sana, wamenifundisha mengi, lakini hili nalipinga. Utafiti uliofanywa kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996 ulionyesha kwamba kummwagia maji baridi mwili mzima, tena na tena, humpoza haraka bila kumdhuru. Siku ya jua kali mwagia, mtembeze kidogo, mwagia tena. Maji ya kunywa naye apewe, asinyimwe.

Kesho yake asubuhi, kabla hujagusa tandiko, mtoe bandani kwa kamba na utazame hatua zake kumi za kwanza kutoka nyuma. Nyonga moja ikipanda kuliko nyingine, siku hiyo ni ya kutembea tu.