Taa za Land Rover ya zamani: maneno ya gereji na majibu ya mita

"Taa hizi zimekufa, bosi. Funga LED, usiku utakuwa mchana."

Nimeambiwa hivyo na mafundi watatu tofauti kuhusu Land Rover 109 aliyotuachia baba, Series IIA ya kabla ya 1967, yenye taa kubwa za duara za inchi saba. Wa kwanza nilimsikiliza. Nikanunua taa nzima za LED, akazifunga, tukawasha. Giza. Akachomoa plagi, akachomeka tena, akagonga kioo kwa kidole, kisha akakata shauri kwamba nimeuziwa feki.

Hazikuwa feki. Land Rover za wakati ule zilitoka kiwandani na bodi chanya: upande wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi, na hasi ndiyo inayopita kwenye waya. Utaratibu huo uligeuzwa 1967. Balbu ya uzi haijali umeme umeingilia wapi, lakini LED inajali sana. Nyingi zikifungwa kinyume haziwaki, na nyingine huungua hapo hapo. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yako, fungua boneti uone ni waya upi wa betri umeshikwa na bodi.

Dhana inayokula fedha za watu kuliko zote ni kwamba taa ikiwa hafifu, basi balbu imechoka. Mara nyingi balbu haina kosa. Katika gari hili umeme wa taa hutoka kwenye betri, huingia ndani hadi swichi ya dashibodi, hushuka kwenye swichi ya fulu (mwanga wa mbali) na dimu (mwanga wa karibu) iliyo sakafuni, ile ya kubonyeza kwa mguu wa kushoto, ndipo urudi mbele. Swichi hiyo ya mguu imekunywa maji na tope kwa zaidi ya miaka 50. Nilipofungua ya kwangu nilikuta shaba imeota kutu ya kijani kama chumvi iliyoganda. Nikawasha dimu, nikapima: kwenye betri volti 12.4, kwenye plagi ya taa 10.2.

Volti mbili na ushei zikipotelea njiani, mtu anaweza kuona si neno. Lakini mwanga wa balbu hauendi sambamba na volti. Volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa asilimia 30 hivi. Kwa hesabu hiyo mimi nilikuwa nimebaki na nusu ya mwanga wangu, na ndivyo nilivyokuwa nikishuka mlima Kitonga usiku, pua karibu iguse kioo.

Dawa yake ni relei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme kidogo ili zipitishe umeme mwingi, moja ya fulu na moja ya dimu. Waya mnene unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi iliyo karibu na betri hiyo hiyo (taa kubwa za gari hili hazikuwekewa fyuzi kiwandani, usishangae), unaingia kwenye pini ya relei iliyoandikwa 30 na kutokea 87 kwenda kwenye taa. Waya wa zamani kutoka swichi ya mguu unaingia 86, na 85 inakwenda bodi. Sasa swichi ile kongwe inabeba umeme kidogo tu wa kuiamsha relei. Relei ya kawaida inafanya kazi hata kwenye bodi chanya, bali epuka ile yenye diodi ndani, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Nilipomaliza nikapima tena: taa zile zile zilizoitwa maiti zinapata volti 12.1.

Usisahau njia ya kurudi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu na chasisi ni chuma. Vikikutana penye unyevu, aluminiamu inaliwa na kutoa unga mweupe, na umeme unakwama hapo. Kwarua kwa msasa, kaza, paka grisi. Waingereza wana utani wa kuiita Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, Mfalme wa Giza. Mimi naona wanamwonea. Kiungo kisichoguswa tangu enzi za Mwalimu Nyerere kingekuwa na kutu hata kingetoka Japani.

"Basi weka balbu ya wati 100." Hapana. Ukitaka kuboresha kwa akili, tafuta taa ya kioo ya inchi saba inayopokea balbu ya halojeni ya aina ya H4, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Inakaa kwenye tundu lile lile. Balbu mbili za wati 100 zinavuta karibu ampea 17, ilhali dinamo ya gari kama langu inatoa ampea 22 hivi ikijitahidi, na injini ikinguruma polepole kwenye foleni haichaji kitu. Plagi itayeyuka kwanza, betri itafuata.

Na kuchomeka balbu ya LED ndani ya kioo cha H4? Kioo na riflekta, ile sahani ya ndani inayorudisha mwanga mbele, vilipigiwa hesabu ya uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja. LED ikikaa pembeni hata kwa milimita chache, mwanga unatawanyika. Wewe unaona mti wote hadi kileleni, lakini anayekuja mbele yako haoni kitu.

Lipo pia hili la "taa ni taa tu," hasa kwa spea zinazoletwa kutoka Dubai. Uarabuni wanaendesha kulia, sisi kushoto. Dimu imechongwa ili mwanga uinuke kwenye upande wa ukingo wa barabara, umwonyeshe dereva mtembea kwa miguu. Taa ya huko ukiifunga Tanzania au Kenya, mwanga huo unapandia kwenye macho ya dereva anayekuja. Kwa jirani zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo itafaa, maana nao wanaendesha kulia. Kwenye taa zenye alama za Ulaya, simama mbele ya gari usome kioo: mshale unaoelekea mkono wako wa kulia ni taa ya kuendesha kushoto, mshale wa pande mbili unafaa kote, na pasipo na mshale ni ya kulia.

Dawa ya meno inang'arisha taa za plastiki za magari ya leo. Kioo haikisaidii, na ukiipeleka ndani kwenye riflekta utaukwangua utando wake unaong'aa, usirudi tena. Rangi ya njano nayo, waliyoilazimisha Wafaransa hadi 1993, haipenyi ukungu kuliko nyeupe. Inapunguza mwanga tu.

Mwisho elekeza taa zako ukutani, mita 10, dimu ishuke sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Mimi nilipanga gari likiwa tupu, nikaridhika. Kesho yake tukapakia magunia manne ya vitunguu, springi za nyuma zikalala, pua ikainuka, na kila lori nililopishana nalo likanipigia fulu. Nikasimama pembeni, nikachukua bisibisi.