Je, wajua? Ile mashine ya kushika chuma inapima kitu kweli, shida ni kitu chenyewe

Ungeniuliza zamani kidogo ile mashine ya kupima "mwili mzima" kwa kushika chuma inajuaje hali ya ini lako, ningekujibu bila hata kukohoa, na ningekujibu uongo. Tena nimewahi kuwa na majibu mawili tofauti kabisa, nikayatetea yote kwa nguvu zangu zote, na yote yalikuwa makosa.

Ilianza hivi. Kabla ya Maulidi alikuja kijana mmoja Lamu na boti ya Mokowe, akaweka meza kivulini Usita wa Pwani, laptopu, kisanduku kidogo, na chuma cha mviringo kama mpini wa panga, kina vipande viwili vimetengwa na pete ya plastiki katikati. Unampa jina, umri, jinsia, urefu na uzito, unakamata chuma dakika moja, kompyuta inacheza picha za moyo na figo zinazunguka zunguka, halafu unatolewa ripoti kurasa thelathini na kitu. Shilingi 500. Yangu ilisema ini lina mafuta, kalsiamu iko chini, damu haizunguki vizuri na uti wa mgongo una shida, na kwa bahati nzuri sana pembeni ya meza kulikuwa na chupa za dawa ya ini.

Nikaenda nayo barazani nikawaeleza watu, yaani niliwaeleza hasa, kwamba kila kiungo mwilini kinatoa mawimbi yake na ile mashine inayasikia kama redio inavyokamata stesheni. Huo mfano wa redio hata kijana mwenyewe hakuusema, niliutunga mimi. Hilo ndo kosa la kwanza.

Nyumbani bibi alinivuta kope la chini akaangalia, akaniambia toa ulimi, akanishika mkono pale kwenye mshipa, akasema, "Ini gani, una ndaa tu weye." Yaani njaa. Sikumjali.

Kilichoniyumbisha ni binamu yangu, fundi stima, mtu asiyeamini kitu mpaka akifungue kwa bisibisi. Kesho yake nilikuwa nimetoka Shela kwa miguu, jua la saa saba, jasho mpaka kwenye vidole, akaniambia hebu rudia sasa hivi nalipa mimi. Nikarudia. Ini limepona! Sasa shida iko kwenye figo, na kalsiamu imepanda. Ukitoka Shela mpaka mjini ni kama dakika arobaini, kwa hiyo hiyo ndo muda wa kutibu ini, mnakaribishwa. Hapo nikageuza mahubiri, nikasema lile ni sanduku bovu, halina kitu ndani, linatoa namba za kubahatisha tu kama bahati nasibu. Kosa la pili, na hili ndo linaniuma zaidi manake nililisema nikijiona mjanja.

Binamu ndiye aliyelivunja na hilo bila kukusudia. Alizungushia kile chuma kitambaa kikavu, programu ikagoma, ikaandika kamata vizuri. Akashuka ngazi akakilowesha kitambaa kwenye maji ya bahari, akakirudisha, kimya dakika moja, ripoti hiyo ikatoka kamili, kitambaa kina uchovu wa macho na kalsiamu yake iko chini. Watu walicheka mpaka wa upande wa maboti wakaja kuuliza kuna nini. Na mimi nilicheka, ila usiku nimelala nikajiuliza, sasa sanduku bovu lilijuaje kwamba kitambaa kikavu si mtu?

Kumbe linapima. Linapima jinsi umeme unavyopita kwa urahisi au kwa taabu kwenye ngozi, mafundi wanaita ukinzani, na kipimo chake ni omu. (Naongelea ile niliyoshika mimi, zipo nyingine huenda hata hilo hazipimi.) Unaweza kujaribu mwenyewe kwa mita ya fundi: weka kwenye omu, kamata ncha moja kwa kila mkono, na tafadhali isiwe imeunganishwa na stima ya nyumba. Vidole vikiwa vikavu utaona laki kadhaa au hata milioni na zaidi, ukilamba vidole inaporomoka pale pale. Hujabadilisha kiungo chochote ndani, umelamba vidole tu.

Sasa kwa nini jasho lina nguvu hivyo? Hapa tuongee Kilamu, yaani kwa punda. Chukulia umeme ni punda wamebeba mchanga kutoka jahazini, wanatakiwa wapande kwa kichochoro kimoja mpaka uwanja wa Mkunguni, wauvuke, washuke tena pwani kwa kichochoro kingine, na wewe umekaa ukutani pwani kazi yako kuhesabu punda wanaorudi. Vile vichochoro ndo ngozi, uwanja ndo ndani ya mwili. Ndani kuna damu na maji ya chumvi kila mahali kwa hiyo punda wanapita watakavyo, ukinzani wa mwili ukishavuka ngozi ni kama omu 300 mpaka 1,000 hivi, lakini ngozi kavu peke yake inaweza kufika 100,000 na kuzidi. Kwa hiyo idadi unayohesabu pale pwani inaamuliwa na kichochoro. Uwanja hata uufagie, hata uuwekee harusi, hesabu yako karibu haibadiliki.

Jasho ndo linafungua vichochoro. Mtu ana tezi za jasho kati ya milioni mbili na nne, na kiganjani zimesongamana kuliko karibu sehemu zote za mwili. Kila tezi ina kimrija kinachotoboa ule ukuta mkavu wa juu wa ngozi, na jasho ni maji ya chumvi, chumvi ndo inayobeba umeme. Kikiwa kikavu kichochoro kimefungwa, kikijaa punda wanapita. Mirija mia ikijaa kwa pamoja ni kama mtu kafungua vichochoro mia vya mji kwa mara moja, hesabu inaruka. Sasa hapo ongeza kwamba tezi za kiganjani hazingoji joto tu, zinafuata wasiwasi pia. Ukishtuka, ukiogopa, ukisubiri majibu, neva zinazofanya kazi bila kukuuliza zinazifungulia. Hili linajulikana tangu Féré wa Ufaransa 1888 na Tarchanoff wa Urusi 1890, na mashine za kunasa waongo wanazotumia polisi wa nchi nyingine zinapima hilo hilo miongoni mwa mengine. Kwa hiyo mtu anayekamata chuma huku anaogopa ini lake, kinachosomwa kwa sehemu ni huo woga wenyewe. Mimi hii naipenda sana, sijui kwa nini.

Na ini je? Tuseme ini ni mzee amekaa chini ya mkungu pale uwanjani na jino linamuuma, ukihesabu punda wanaorudi pwani utajuaje habari ya jino? Tena nimemweka karibu mno. Kile chuma chote kiko kwenye kiganja kimoja, umeme unaingia kwa kipande kimoja na kutoka kwa cha pili hapo hapo kiganjani, haupandi hata kwenye kiwiko. Mzee mwenyewe yuko Faza huko, kisiwa kingine, punda hawajavuka bahari.

Hospitali nao wanabandika vitu kwenye ngozi, najua utaniuliza. Kipimo cha umeme wa moyo kwa mfano. Lakini pale moyo ndo unaotoa umeme wake wenyewe na mashine inausikiliza tu, na angalia wanachofanya kwanza: wanapaka ile jeli ya baridi, au vibandiko vinakuja nayo tayari. Jeli kazi yake ni kuiondoa ngozi njiani, manake ngozi ni kero. Einthoven, yule Mholanzi aliyekiweka sawa kipimo hicho mwanzoni mwa karne ya 20 akapata Nobel 1924, alikuwa anawaketisha wagonjwa mikono na mguu ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Kitambaa cha binamu kabisa! Sasa kile ambacho daktari anahangaika kukifuta ndicho mashine yetu inakipima, halafu inakipa jina la ini. Mizani ya jim inayokwambia asilimia ya mafuta nayo inapitisha umeme, ila inaupitisha kwenye miguu au mikono mizima na umeme wake ni wa kurudi na kwenda kwa kasi sana, inakisia maji ya mwilini, na bado inakuomba urefu na umri ili hesabu ikae. Kukisia maji ni sawa, ini ni habari nyingine.

Hili wazo la kusoma viungo kwenye ngozi lina asili yake, si vijana wa mezani walioliota. Reinhold Voll, daktari wa Ujerumani, miaka ya 1950 alichukua zile nukta za Kichina za kudungwa sindano akawa anazipima ukinzani kwa kichuma chenye ncha. Kama kweli nukta hizo zina ukinzani tofauti na ngozi ya jirani, tafiti zinavutana na nyingi ni hafifu, kwa hiyo sitasema hapana moja kwa moja, ila jambo moja liko wazi: ukikandamiza ncha zaidi kidogo namba inabadilika, na mkono unaokandamiza ni wa mtu mwenye maoni yake. Mwaka 2001 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha jaribio la mashine za ukoo huo, watu 30, nusu wana mzio wa paka au wadudu wa vumbi na nusu hawana, wapimaji hawaambiwi nani ni nani. Vipimo zaidi ya 1,500, na mashine hazikuweza kuwatenga wenye mzio na wasio nao. Hapo niwe mkweli, walipima mzio, hawakupima ini. Lakini anayedai inasoma ini ndiye atuletee ushahidi wake.

Sasa kurasa thelathini zinatoka wapi? Namba ya ngozi peke yake haiwezi kuzaa kalsiamu na uti wa mgongo, hayo lazima yawe yanakaa ndani ya programu, na programu ulishaipa umri, jinsia, urefu na uzito. Mwanamume wa miaka arobaini na mitano mwenye tumbo kama langu, mwambie mgongo unakusumbua, nani atabisha? Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia Marekani, Bertram Forer, aliwagawia wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mtu yake kwa siri, wayape alama kati ya 0 na 5 kwa usahihi. Wastani ukawa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja ile ile.

Vipimo vingine vya tiba mbadala nivipitie mbio. Kusoma magonjwa kwa ramani kwenye lile duara la rangi la jicho kulianza na Peczely wa Hungaria karne ya 19, na mwaka 1979 wasomaji watatu walipewa picha za macho ya watu 143 wawatafute wenye figo mbovu, wakashindwa. Kusukuma mkono ulionyooshwa kuona kama una nguvu ni mambo ya Goodheart wa Marekani, 1964, na tatizo lake ni lile la kichuma cha Voll, anayesukuma anajua anachotafuta. Lakini usitupe vyote baharini. Mshipa wa mkononi unakwambia moyo unapiga vipi, hilo halina ubishi, ingawa kutoka hapo mpaka kutaja kiungo ni safari ndefu. Rangi ya ulimi, kope na kiganja inaweza kuonyesha upungufu wa damu, na wahudumu wa afya wanafundishwa kuangalia kiganja cha mtoto kama kimepauka. Ujue tu kila kipimo kinaishia wapi. Na wapiga chuku, wale wa kunyonya damu kwa pembe, nawaheshimu, ila lugha yetu yenyewe imeshasema kitu pale ambapo kupiga chuku ni kuumika na pia ni kutia chumvi.

Ini langu nilienda kupimwa damu hospitali, likawa sawa. Siku moja nikamuuliza bibi, ile siku ulijuaje nina njaa, ni ulimi au mshipa? Akaniangalia kama mtoto. Akasema wakati wote anashika mkono wangu mimi nilikuwa natazama sufuria.