Chetezo cha kuchaji: moshi si harufu

Juzi baada ya Alasiri alikuja dukani kwangu, hapa Kibokoni, Mombasa, mama mmoja mwenye harusi ya mpwawe. Akaweka mezani chetezo cha kuchaji nilichomuuzia wiki iliyopita. "Hiki kibovu, dadangu. Hakifuki." Ni wa nne mwezi huu. Nikakiwasha mbele yake, nikakiweka nyuzi 140, nikachukua kipande cha udi kama punje ya mchele na kukitia kwenye kisahani. Tukangoja. Dakika ya tatu kile kipande kikaanza kutoa jasho pembeni, tone jeusi la mafuta likachemka polepole, na moshi ukawa uzi mwembamba tu. Nikamwambia ainame. Akanusa, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mbona huu si udi wangu?" Ndio wake. Alikuwa hajawahi kuunusa ukiwa haujaungua.

Moshi si harufu! Nimelisema hili mpaka koo limekauka. Mti wa Aquilaria, ndio mti wa udi, ukiwa mzima hauna harufu ya kukusimamisha njiani. Unapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hutoa utomvu wa kujikinga, na utomvu huo ndio unaoulipia kwa tola, kipimo cha karibu gramu 12. Kilichobaki ni kuni. Kaa lililowaka vizuri lina nyuzi 500 na zaidi; ukiutupa udi juu yake, harufu nyepesi zinakimbia kwa sekunde chache, halafu unafukizwa na kuni. Jamii zote za Aquilaria ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2005 kwa sababu miti inakwisha porini, na sisi tunaichoma kama makumbi.

Wazee walilijua hili. Nyanya yangu hakuwa akitia udi mpaka kaa livae jivu, na akikuona unapuliza, atakupiga mkono. Wajapani wanakwenda mbali zaidi: kaa wanalifukia ndani ya jivu, juu wanaweka kibamba cha ulanga, lile jiwe la matabaka membamba lisiloungua, na udi unakaa juu ya ulanga. Chetezo kizuri cha umeme kinafanya kazi hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukija kununua, usiniulize kinatoa moshi kiasi gani. Niulize joto lake linashikwa na nini. Vingi vinavyouzwa mjini vina kitufe kimoja: ukiwasha, waya unapanda mpaka unapoweza kufika, basi. Hata vile vyenye taa za rangi tatu, mara nyingi taa ndizo zinazobadilika na joto liko pale pale. Nenda na sukari kidogo kwenye karatasi. Tia chembe chache kwenye kisahani, washa. Ikigeuka nyeusi na kufuka ndani ya dakika mbili, kile ni kijiko cha kuunguzia. Ikiwa rangi ya asali taratibu, unaweza kuanza kuongea bei.

Sukari nimeichagua kwa makusudi, maana ndiyo iliyomo kwenye udi wa kukanda. Vipande vitupu vinavumilia: mimi huanza 130, napandisha kidogo kidogo mpaka 170, na kila hatua inatoa harufu yake. Udi wa kukanda hauna subira hiyo. Sukari yake ikipita karibu 190 inakuwa chungu, na ule uchungu unafunika miski, sandali na kila ulichotia. Na inaganda. Kisahani kikiwa hakitoki, utakwangua kwa kisu mpaka uharibu kifaa. Kisahani cha kutoa, cha chuma cha pua au cha kauri, hilo sikubali kulipunguza. Vya rangi ya dhahabu iliyopakwa juu sivitaki. Rangi inabambuka na unainusa.

Ubani ni shida nyingine. Ndani yake kuna mafuta, utomvu na gundi, na gundi haiyeyuki. Inabaki kisahanini kama ukoko. Maydi, aina ya ubani wa Kisomali, karibu haina gundi, kwa hiyo inayeyuka safi. Ukiwa wa ubani kila Ijumaa, tafuta maydi, au tandika karatasi ya foili.

Betri nitaisema haraka. Betri ya milliampea 2000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 7.4. Kifaa cha wati 10 kitaimaliza kabla ya saa moja kutimia. Anayekuandikia kwenye boksi "saa sita" anakudanganya. Vile vya umbo la kitana, vya kupitisha kwenye nywele, vinatosha kwa kazi hiyo na si zaidi. Ukisafiri kwa ndege, kibebe mkononi, usikitie kwenye begi la chini.

Kuna jambo moja ambalo cha kuchaji kinalishinda kaa waziwazi, nalo ni chumba kilichofungwa kwa ajili ya ac. Kaa linatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na udi unaifunika vizuri sana. Usimfungie mzazi na mtoto mchanga chumbani na chetezo cha makaa, tafadhali. Na mwenye pumu, hata cha umeme asikikaribie sana. Moshi mdogo bado ni moshi.

Sasa nguo. Hapa sina uhakika, na nimejaribu. Nilizifukiza leso mbili za doti moja, moja kwa kaa, moja kwa umeme, nikazikunja na asumini kando kando kabatini. Siku ya tatu ile ya kaa bado ilikuwa inanukia ukiifungua, ya umeme mpaka uitie puani. Huenda moshi wenyewe ndio unaoshika kwenye pamba. Huenda pua yangu imezoea kaa tangu utotoni na inaniamulia. Nilirudia wakati wa kusi, hewa nzito ya unyevu, tofauti ikapungua.

Yule mama aliondoka na chetezo chake kwa ajili ya chumba cha bibi harusi. Nguo za sanduku aliniachia mimi. Hizo nitazifukiza kwa kaa, lililovaa jivu, madirisha yote wazi.