Je, Wajua Kwa Nini Bonasi ya Poka Mtandaoni Haitoleki Siku Hiyo Hiyo?

Tuseme kijana wa Muyeye, Malindi, ameweka shilingi 10,000 katika akaunti ya poka, mchezo wa karata wa kuwekeana pesa, mtandaoni, na kampuni ikamwahidi bonasi ya asilimia 100. Salio linasomeka 20,000, lakini akitaka kuzitoa zote huambiwa kwamba nusu yake bado haijawa mali yake.

Sababu imo katika namna kampuni inavyopata riziki. Malindi ni mji uliozoea kasino, na kwenye ruleti, mchezo wa gurudumu la namba, mtu hushindana na mwenye kasino. Katika poka, wachezaji hushindana wao kwa wao. Kwenye meza za pesa taslimu, kampuni hujilipa kwa kukata kamisheni katika dau lililokusanyika, mara nyingi asilimia 5 au karibu na hapo, nayo huwekewa kikomo.

Bonasi imefungwa kwenye kamisheni hiyo. Masharti yakisema kwamba kila shilingi 5 za kamisheni zilizotoka kwako hufungua shilingi 1 ya bonasi, basi huwezi kuzipata zile 10,000 kabla ya kulipa 50,000. Kwa hiyo naiita punguzo la asilimia 20 ya kamisheni, wala si zawadi, na inanisikitisha kuona ikitangazwa kwa vijana wetu kama zawadi. Kampuni nyingine huruhusu pesa za bonasi zichezewe papo hapo bila kutolewa. Hapo ni lazima kusoma masharti ujue ni zipi zinazotangulia kutumika, zako au zao.

Kinachowaponyoka wengi ni muda. Kwenye meza ndogo, dau lililokusanyika likifika shilingi 200 hukatwa 10, na kampuni nyingi huwahesabia wachezaji kamisheni hiyo kwa kadiri ya kila mmoja alivyochangia dau. Kijana wetu akihesabiwa shilingi 5 kila mara, atahitaji migao 10,000 ya karata. Akipewa siku 60, hiyo ni zaidi ya 160 kila siku, bila kuhesabu ile aliyotupa karata zake kabla ya kuweka chochote. Muda ukiisha, kiasi ambacho hakijafunguliwa hufutwa, na kwa baadhi ya kampuni hufutwa hata mapema zaidi, pindi anapotoa zile 10,000 zake mwenyewe.